Kiwanda kimeita siagi ya karanga irudi, na wateja wamesusa mpaka biskuti. Nifanyeje?

Duka la Kona (Ngamiani, Tanga)

Asalaam aleikum wanajukwaa, na kwa wengine wote habari za saa hizi.

Nina duka Ngamiani, duka la mtaani la kawaida: mchele, sukari, mafuta ya kupima, sabuni ya mche, vocha, mkate, biskuti za watoto wa shule. Nimerithi kwa mjomba pamoja na daftari lake la mkopo, kwa hiyo wateja wengi nawajua kwa majina ya watoto wao. Nimekwama mahali, nataka kusikia wauzaji wenzangu na wanunuzi pia.

Kisa chenyewe. Asubuhi wakala kanipigia, anaongea chini chini kama mtu aliyetumwa posa. "Kaka, angalia makopo ya siagi ya karanga, yenye namba zinazoanza hivi na hivi, yatoe rafuni. Nakuja kuyachukua." Nikamuuliza kuna nini. Akasema kiwanda kimeita bechi moja irudi, yaani makopo yaliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja, vipimo vya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, havikukaa sawa. Halafu akamalizia: "Ila yatoe kimya kimya, usiwatie watu hofu."

Kiwanda sikitaji, na wakala simtaji. Msiniulize hata kwa ujumbe wa pembeni.

Sasa kwa wasiowahi kutafuta namba ya bechi: haijaandikwa pale penye picha ya karanga inayocheka. Imepigwa chini kitakoni, wino mweusi, herufi ndogo kama chembe za mchanga. Rafu yangu ya chini ndiyo ya mafuta, kwa hiyo makopo yaliyokaa jirani wino umeshalainika. Nimekaa juu ya kreti ya soda na tochi ya simu, nageuza kopo moja moja. Hapa pana 8 au 3? Pana B au 8? Yasiyosomeka nikayaweka upande wa kurudishwa, maana sikutaka kubahatisha. Wakala alipofika akayakataa. "Haya hayana namba, siwezi kuyaandika." Yako chini ya kaunta mpaka leo. Siyauzi na siyatupi, hela yangu imelala humo.

Yale yaliyosomeka aliyapakia kwenye bajaji, akaniambia nitafidiwa kwenye mzigo ujao. Karatasi hakunipa.

Mimi nikanyamaza kama nilivyoambiwa. Kabla ya Isha, sauti ishafika kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Mwanamke hata simjui, anasema siagi ya karanga inaua watoto, msinunue ya aina yoyote, mpelekee na mwenzio. Kesho yake mtoto kaja na shilingi zake mkononi, kasimama wima kama anasoma shairi: "Mama kasema unipe mkate, na kasema usinipe siagi, na kasema usinibadilishie na kitu kingine cha kopo."

Ilianza siagi ile. Ikafuata siagi ya kampuni nyingine kabisa, ambayo haina kesi yoyote. Zikafuata biskuti zenye nembo ile ile, ambazo hazina hata punje moja ya karanga. Jamu nayo ikaanza kuulizwa maswali.

Ila kilichonichosha akili ni hiki. Kina mama hao hao wanapita mbele ya duka langu na ndoo kichwani wanakwenda mashineni kusaga unga wa lishe: mahindi, soya, ulezi, na karanga za kukaanga humo humo. Karanga zimetoka wapi? Zililala gunia gani, ghala gani, mvua ngapi? Nani kazipima? Hakuna anayeuliza. Kopo lililopimwa likakutwa na kasoro linakimbiwa, gunia ambalo halijapimwa tangu lishonwe linakimbiliwa.

Maswali yangu: nibandike tangazo mlangoni au nitakuwa najichomea duka? Kopo lililokwisha kuliwa nusu, mtu akilileta, namrudishia hela? Na kiwanda kikileta mzigo mpya, nipokee?

Mpima Unga (Morogoro)

Pole kaka. Nimefanya kazi maabara ya kiwanda cha unga miaka kadhaa, sasa niko kwenye shughuli zangu, kwa hiyo naweza kusema bila mtu kunikata mshahara.

Sumukuvu inatokana na ukungu, na ule maarufu unaitwa Aspergillus flavus. Unaota kwenye mahindi na karanga zisipokauka vizuri au zikihifadhiwa penye unyevu, wakati mwingine huanzia huko huko shambani jua likiwa kali na mvua imekatika. Ukungu wenyewe unaweza ukafa au ukapepetwa, sumu ikabaki. Haina harufu. Haina ladha ya kuaminika. Kukaanga na kuchemsha kunaweza kuipunguza, hakuimalizi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki kwa nafaka na karanga ni mikrogramu 10 kwa kilo. Hicho ni kiasi ambacho jicho halikioni hata ukipewa miwani ya sonara.

Na haisambai sawasawa. Punje chache ndani ya gunia zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia hilo. Ndiyo maana bechi ya Jumatatu inapita vizuri, ya Jumanne inaanguka, mashine ile ile, wafanyakazi wale wale. Mteja akisikia "bechi moja" anadhani ni ujanja wa kiwanda. Si ujanja, ndivyo ilivyo.

Kuhusu kina mama wa mashineni, umesema kweli tupu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu waliugua kwa sumukuvu, karibu 70, na kama 20 kati yao walifariki. Ilikuwa mahindi, na mengi yalikuwa ya nyumbani kwao, waliyoyalima na kuyahifadhi wenyewe. Hapakuwa na kopo, hapakuwa na nembo, hapakuwa na wakala wa kuwapigia simu asubuhi. Chakula kisicho na namba hakiwezi kuitwa kirudi.

Jambo jingine: tangu Julai 2019 usalama wa chakula Tanzania uko TBS, Shirika la Viwango, si tena ile TFDA ya zamani, mamlaka ya chakula na dawa, ambayo sasa imebaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Nasema hili kwa sababu watu bado wanatafuta TFDA, wanakwama, wanaishia kuamini sauti ya WhatsApp. Muulize wakala: kiwanda kimeita chenyewe au kimeamriwa? Kwa mteja wako yote mawili yanasikika "wamekamatwa", lakini kwako wewe unayeamua kupokea mzigo mpya au la, ni vitu viwili tofauti. Kiwanda kilichopima chenyewe na kujisema, mimi ningekipokea tena. Kilichosubiri kuamriwa, ningekaa nacho mbali kidogo.

Mtu wa Chai

Kwa hiyo tule nini jamani? Mimi nabaki na muhogo na samaki.

Duka la Kona

@Mtu wa Chai samaki nao hawana bechi, mwenzangu. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, watu tisa walifariki kwa nyama ya kasa, wanane wakiwa watoto. Tusiende huko. Muhogo sawa.

@Mpima Unga shukrani sana. Nimemuuliza wakala. Kajibu "kiwanda kinashughulikia". Hayo ndiyo majibu niliyonayo.

Mwana Kongowea (Mombasa)

Nawasalimu kutoka Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Haya mambo sisi tuliyaonja Novemba 2019. KEBS, shirika letu la viwango, ilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa mpigo, sababu ni hiyo hiyo sumukuvu. Na mapema mwaka huo huo zilishazuiwa chapa kadhaa za siagi ya karanga. Sasa fikirini: unga wa sima! Siagi mtu anaweza kuiacha maisha yake yote asife. Sima utaiacha vipi?

Nyumbani kwetu tulifanya kama hao kina mama zako. Mume wangu alisema hakuna tena unga wa pakiti, tukawa tunanunua mahindi sokoni na kupeleka kwenye kinu cha posho. Tulijiona wajanja, tunaona mahindi yetu kwa macho. Baadaye pakiti ikapunguzwa bei, kinu kikawa mbali, watoto wakalalamika unga una chenga, tukarudi. Hatukurudi kwa kuwa tumeshawishika. Tulirudi kwa kuwa tumechoka. Majirani wengi naona ilikuwa hivyo hivyo.

Lakini duka nililorudia si lile la awali. Mwenye duka wa awali nilipomuuliza "hii imo kwenye orodha?" akanijibu "hizo ni siasa mama, chukua tu". Wa pili alikata ule ukurasa wa gazeti wenye orodha, akaubandika pembeni ya mzani, akazungushia kalamu nyekundu zile alizokuwa akiziuza yeye mwenyewe. Alizozitoa alizirundika pale nje watu wanaziona. Mpaka leo nanunua kwake, na anauza ghali kuliko jirani yake!

Mzungukaji (Muheza, Korogwe, Lushoto)

Mimi ni wakala, si yule wa huyu ndugu, ila kazi ni hiyo hiyo. Niwatetee kidogo mawakala maana hapa tunachomwa moto.

Tunasema "kimya kimya" kwa sababu tumeona. Ukimwambia muuza duka wa Korogwe kuna bechi imeitwa, jioni Lushoto wanajua, na hawajui bechi, wanajua jina la kampuni. Mzigo wa gari zima unarudi, mzima na mbovu. Mafuta ya gari ni juu yangu. Kiwanda kinanilipa lini? Kikijisikia. Bechi moja yenye kasoro inakula faida ya msimu mzima.

Halafu si kweli kwamba kila aliyetangazwa alikuwa na kosa. India mwaka 2015 zile tambi za Maggi ziliondolewa nchi nzima mwezi Juni, eti zina madini mengi ya risasi. Kampuni ikaharibu zaidi ya tani 30,000, nyingine zikachomwa kwenye tanuri za viwanda vya saruji. Kama vile mngepeleka zenu pale Pongwe. Agosti Mahakama Kuu ya Bombay ikatengua lile katazo, Novemba tambi zikarudi dukani. Kabla ya hapo walikuwa wameshika sehemu kubwa kabisa ya soko, wakashuka mpaka sifuri kwa mwezi mmoja. Sasa nani anawalipa?

Mpima Unga (Morogoro)

@Mzungukaji mfano wako mzuri lakini umeukatia katikati. Maggi walirudi, na ndani ya miaka michache walikuwa tena wa kwanza sokoni India. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu aliona zimetoka zote, na zilipopimwa upya zikapita ndipo zikarudi. Mtu mwenye hamu ya tambi alikuwa na sababu ya kumwambia mkewe "zimepimwa".

Weka na huu wa pili. Afrika Kusini, 2017 hadi 2018, ugonjwa wa listeria. Wagonjwa zaidi ya 1,000, waliofariki zaidi ya 200, wakiwemo watoto wachanga wengi. Madaktari walihangaika miezi mingi hawajui ni chakula gani. Januari 2018 watoto tisa wa shule ya chekechea Soweto wakafikishwa hospitali, wakaguzi wakaenda kufungua friji ya shule, wakakuta poloni, ile soseji nene ya kukata vipande. Wakaifuata poloni mpaka kiwandani Polokwane. Tarehe 4 Machi waziri wa afya akatangaza. Kampuni yenyewe ilianza kwa kubishana kama vifo vinahusiana na bidhaa zake. Matokeo yake watu waliacha poloni ya kila mtu, na soseji, na nyama zote za kusindika, hata za wasiohusika. Nchi jirani, Zambia, Namibia na Msumbiji, zikazuia mpakani.

Biskuti zako, kaka wa Ngamiani, ndizo soseji za hapo. Mteja hana maabara. Akishindwa kujua mpaka wa hatari uko wapi, anauchora mwenyewe, na anauchora mbali. Mwaka 2006 Marekani watu walionywa wasile mchicha wa kizungu wa mifuko, watu kama 200 wakaugua. Onyo likaondolewa baada ya wiki chache, lakini mauzo ya mchicha ule wa mfuko yalikuwa bado hayajasimama hata baada ya mwaka. Watu hawakuacha kula majani. Walihamia majani mengine.

Mama Mapacha (Makorora, Tanga)

Nimesoma yote, sasa niseme mimi ninayenunua, maana naona wanaume mnapimana elimu tu.

Kaka yangu wa duka la kona, mimi si mteja wako, Ngamiani sifiki kila siku, lakini nimefanya hivyo hivyo walivyofanya wateja wako. Nimeacha siagi, nimeacha na biskuti. Na ile sumu mimi sijaielewa mpaka leo nilipomsoma huyu wa Morogoro. Nilichokielewa ni kwamba muuza duka wangu alijua asubuhi na mimi nikaambiwa usiku, na mtu baki, kwa sauti ya kupiga kelele. Katikati hapo, saa za mchana, nilipita dukani kwake. Nikanunua vitunguu. Tukasalimiana, akaniuliza mapacha hawajambo. Kopo lenyewe lilikuwa nyumbani kwangu limeshaliwa mpaka karibu na kitako na yeye alikuwa anajua.

Mngeniambia ningefanya nini? Ningelirudisha, basi. Ningelalamika kidogo, ningechukua sabuni, ningekwenda zangu. Biskuti ningeendelea nazo. Sasa nimeshajua kwamba kuna siku huyu anaweza kunisalimia na akanificha, je, mafuta ya kupima? Je, mchele? Ndiyo maana naenda mashineni. Karanga zangu zinaweza zikawa na sumu kubwa zaidi, sikatai, lakini hakuna mtu pale aliyenificha kitu. Sote hatujui, tuko sawa.

Ungeniuliza kama naweza kusoma ile namba ya kitakoni, nayo siwezi. Herufi zenyewe ni za sisimizi.

Duka la Kona

Dada Mama Mapacha, umenisema na hujanitaja. Nimeyapokea, ila naomba nikujibu pia, usidhani nilikaa pale nachekelea.

Muuza duka wa mtaani ana vitu viwili: rafu na daftari. Kwenye daftari langu nusu ya hao kina mama wananidai na mimi nawadai. Nikisema "leteni makopo niwarudishie hela", nani ananirudishia mimi? Wakala kanikatalia hata yale mazima kwa sababu wino umefutika. Kiwanda kinapata kujisafisha kwa jasho langu. Msemavyo kwamba wa kutangaza ni mwenye duka, ni kweli, lakini gharama ya kutangaza imewekwa kwa mwenye mtaji mdogo kuliko wote kwenye mnyororo huu. Hilo nalo lisemwe.

Hata hivyo nimebandika. Nimechukua karatasi ya daftari, kalamu ya maka, nimeandika: "Siagi ya karanga yenye namba inayoanza hivi imeitwa irudi na kiwanda. Nyingine haimo. Biskuti hazimo. Mwenye kopo alilete, hata likiwa limefunguliwa." Nimeandika zile namba kubwa kama namba za basi. Pembeni nimeweka kopo moja tupu nimelipindua, nimelichora mshale kwenye kitako ili mtu ajue pa kuangalia.

Sirudishi fedha taslimu. Nabadilisha kwa bidhaa: kopo lililojaa kwa bidhaa ya bei ile ile, lililoliwa nusu kwa nusu ya bei. Mnaweza kunilaumu, ndiyo uwezo wangu.

Mtu wa Chai

Subiri waanze kukuletea makopo ya tangu enzi za mjomba.

Duka la Kona

@Mtu wa Chai umepiga ramli. Siku ya kwanza tu kaja bibi mmoja mheshimiwa sana, simtaji, na kopo la siagi ambalo sasa hivi linakaa pilipili manga. Ameipukuta pilipili, harufu bado imo. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, hili mbona nembo yake ilibadilishwa zamani?" Akanijibu, "Marahaba mwanangu. Wewe umeandika mwenye kopo. Mimi nina kopo." Nilimpa kiberiti.

Turudi kwenye jambo. Watu walisimama kusoma. Wa kwanza walikuwa vijana wa boda boda, ambao siagi hawanunui, ila ndio wanaopeleka habari kuliko redio. Wengine walikuja kugombana: kwa nini hukusema siku ile? Niliwajibu kama nilivyomjibu Mama Mapacha. Wengine walileta makopo, machache kuliko nilivyoogopa. Wengi walikuwa wameshayatupa, au wameshayamaliza, na aliyemaliza naye alitaka kujua kama mtoto atadhurika. Hapo nilishindwa, nikamwambia aende kituo cha afya, mimi ni muuza sukari.

Biskuti zimeanza kutoka tena. Watoto wanazichukua, mama zao hawasemi kitu. Siagi ya ile kampuni nyingine inatoka kwa kusuasua, mtu anaigeuza kwanza kitako juu, anaisoma, anajifanya ameelewa, ananunua. Siagi yenyewe ya kiwanda kile hata ningeiweka na zawadi ya ndoo sidhani kama ingetoka sasa hivi. Wakala anataka nipokee mzigo mpya. Nimemwambia nitachukua vile vipakti vidogo tu, mtu ajaribu kwa hela ndogo, na makopo makubwa nitaagiza nikiona vipakti vinaulizwa.

Swali langu lililobaki ni moja, naomba wenye uzoefu: hii fidia ya "mzigo ujao" imeshakuwa hadithi, na yale makopo yaliyofutika wino bado yako chini ya kaunta. Nidai nini na kwa karatasi gani?

Mpima Unga (Morogoro)

Mzigo mpya usiupokee kabla ya kusainiana. Andika karatasi mbili zinazofanana: tarehe, jina la bidhaa, namba za bechi, idadi ya makopo mazima, idadi ya yaliyofunguliwa, bei uliyonunulia, sahihi yako na yake. Bakisha moja. Wakala makini hawezi kukataa, kwa sababu yeye naye atahitaji karatasi hiyo hiyo kiwandani.

Yaliyofutika wino usiyachanganye na mengine. Kama ulinunua kwa katoni, tafuta katoni zenyewe au risiti ya jumla. Mara nyingi namba ya bechi imepigwa pia ubavuni mwa katoni, na pale mafuta hayafiki. Usiyatupe dampo vile vile yalivyo, kuna watu wanaokota. Yakishindikana kabisa, waone TBS au afisa afya wa kata, wakuelekeze namna ya kuyateketeza, na hiyo nayo uiandikie.

Mzungukaji (Muheza, Korogwe, Lushoto)

Hilo la karatasi mbili ni sahihi. Mimi huwa natoa, na nikitoa ndipo na mimi nalipwa. Na kaka, ukimkuta hana kitabu cha kuandikia, mnunulie kitabu. Halafu kata bei yake kwenye hesabu yake.

Duka la Kona

Katoni ziko! Mke wangu amezifunika juu ya banda la kuku. Kesho nakwenda kuzitoa kabla mvua haijaniwahi.